Jina Langu Mdomoni mwa Kuhani

Nilitoka Subukia kwenda Japani kumwona mjukuu wangu wa kwanza, msichana wa mwezi mmoja. Siku ya tatu binti yangu, mumewe Mjapani na mama mkwe wake wakanipeleka kwenye hekalu lao la zamani, mtoto akaombewe. Sikuelewa chochote. Lango lilisimama peke yake, bila mlango wala ukuta. Kwenye birika la mawe nilipewa kata ya maji, nikanywa na kumeza, kumbe ni ya kunawa. Mkwe wangu akaeleza, binti yangu akitafsiri, kwamba hekalu lina mamia ya miaka lakini mbao hubadilishwa zikichakaa. Sasa ni la zamani au ni jipya? Niliuliza, wakacheka.

Lakini kilichoniuma ni kingine. Kwa desturi yao, anayembeba mtoto siku hiyo ni mama ya baba yake. Na kwa desturi yetu Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la huyo huyo mama ya baba. Kubeba abebe yeye, jina nalo liwe lake. Mimi nilipanda ndege kuja kufanya nini? Niliona wivu, sisemi uongo. Hata jina la mtoto sikuuliza. Walimwita bebi tu, nami nilidhani najua wanachonificha.

Tuliketi ndani. Kuhani aliyevaa nguo nyeupe akaanza kusoma kwa sauti ya kuvuta. Katikati ya maneno yake nikasikia jina langu. Moyo ulinipiga paa! Kwani aliniona nikimeza yale maji? Kwetu kanisani ukiitwa jina unasimama, kwa hivyo nikasimama, nikaanza kwenda mbele na mkoba wangu.

Binti yangu akanivuta sketi. "Mami, keti! Si wewe anaita. Ni mtoto."

"Mtoto gani?"

"Huyu wetu. Amepewa jina lako."

"Haiwezekani. Hapo ni jina la mama ya bwanako."

"Nilimwelezea hiyo mambo yetu yote. Akasema hapana, yeye atamwona mtoto kila siku, na wewe uko mbali. Jina ikuwe yako."

Nikaketi. Yule mama alikuwa amemkumbatia mtoto, macho chini, wala hakunitazama. Sikujua nimshukuruje, wala kwa lugha gani. Asubuhi hiyo, mlangoni kwa binti yangu, alikuwa ameniinamia kunisalimia, nami nikageuza uso, nikajifanya natafuta viatu.