Shamba la Mzee Wekoye Lilivyofutikia Kibomet

Hiram Ngige wa Kibomet alikuwa mtu wa hasira za karibu. Alimkasirikia jogoo kwa kuwika, akaikasirikia mvua kwa kuchelewa, na mwaka ule wa 2007 aliikasirikia kompyuta yake kuliko jogoo na mvua kwa pamoja. Lakini mpe cheni ya kupimia na shamba la kugawa uone alivyotulia! Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amepima mashamba kuanzia Suam hadi Bungoma, na ndugu waliokuwa wameshikiana mapanga walirudi nyuma aliposema, "Bikoni ya mpaka inakaa hapa." Soroveya Ngige hakuwahi kusomea kazi hiyo, aliiokota tu alipokuwa karani, ila neno lake halikuwahi kutiliwa shaka na mtu.

Kompyuta aliinunua mwaka uliotangulia, na tangu siku hiyo karatasi ikawa ushamba. Madaftari yake yote ya vipimo, hata mapya, aliyapeleka jikoni. Mkewe, aliyeitwa Wangu, aliyafungua moja moja kabla ya kuyawashia makaa.

"Baba Ian, hata haya yenye majina ya watu?"

"Choma! Kila kitu kiko ndani ya mashine."

Na ndani ya mashine ndimo lilimokuwa shamba la Mzee Wekoye, nje kidogo ya Bungoma. Mzee alikuwa na nyumba mbili: ya mke mkubwa, iliyosemewa na Mukhwana, na ya mke mdogo, iliyosemewa na Wabwile. Wana hao hawakupatana hata juu ya kamba ya kufungia ng'ombe. Ndiyo sababu mzee alimwita Hiram mwezi wa pili, akawafukuza wanawe wote wakae nyumbani, na kwa siku mbili nzima yeye mwenyewe, na mguu wake mbovu, akashika ncha ya pili ya tepu. Huyu atafika hapa, yule ataanzia pale. "Hawa wakituona tukipima watapigana kila hatua," alisema. "Wataona ramani." Mwezi wa tano akafa. Sasa bodi ya ardhi ilikuwa ikae Alhamisi ya wiki iliyofuata, na nyumba zote mbili zilikuwa zikingoja kitu kimoja tu, ramani ya neno la mzee.

Tatizo lilikuwa virusi. Kila flashi aliyoichomeka baada ya kutoka nayo saiba, kwenye kompyuta za kukodi pale mjini, ilileta vingine, hadi Windows ikawa inajikokota. Hiram aliogopa itakufa na ramani tumboni. Mke wa mwanawe Ian, Dinah Nabwile, alikuwa mwalimu wa kompyuta huko Bungoma, naye alikuwa amemwachia sidii ya mfumo mwingine, Linux, wa bure, usiosumbuliwa na virusi hivyo. Mifumo miwili ingekaa kwenye mashine moja, kila mmoja na sehemu yake, na ukiwasha unachagua unaoutaka.

"Nitakuja Jumamosi niiweke, Baba," Dinah alisema. "Tutatoa kopi ya kazi yako kwanza."

Waswahili wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu ndiye hakusikia. Jumanne asubuhi aliisukuma ile sidii ndani. Mashine ikaipuuza, ikaingia Windows kama kawaida. Akarudia mara tatu, akaipiga kofi ubavuni. Dinah, aliyepigiwa simu akiwa katikati ya vipindi, akamwambia kitufe cha kubonyeza wakati wa kuwasha. Ikakubali, ikafika nusu ya safari, stima zikapotea. Hiram alitukana stima, akatukana nguzo, akamtukana na fundi aliyeisimamisha nguzo. Ziliporudi saa sita akaanza upya, na mashine ikamuuliza huyu mgeni akae wapi. Kwenye skrini palikuwa na mstari mrefu uliokatwa vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, vyote vikiwa na majina asiyoyajua. Akapiga simu tena.

"Baba, hapo usiguse. Tafadhali ngoja nije."

"Dinah, mimi nimegawa mashamba kabla hujazaliwa. Vipande viwili vitanishinda?"

Kwa watu wa kina Dinah, mke wa mtoto habishani na baba mkwe. Hata kiti kimoja hawaketi. "Haya, Baba," alisema.

Hiram akafanya alivyofanya maisha yake yote. Mwenye boma la zamani huachiwa mbele, kando ya barabara. Mgeni hupelekwa nyuma, chini kwa mto, ambako hakujajengwa. Kwa hiyo Windows ikabaki mbele, na Linux akaipa kipande cha nyuma. Mashine ikamwonya kwamba kilichomo humo kitafutwa. Humo mna nini? Majani tu. Akabonyeza ndiyo.

Jioni, alipowasha, majina mawili yalitokea, uchague. Hiram alimwita Wangu aje aone, akacheka kicheko ambacho nyumba hiyo ilikuwa haijakisikia tangu harusi ya Ian. Akachagua Windows. Kwenye skrini palikuwa na ile folda yake, WEKOYE, mahali pake pale pale. Akaibonyeza. Mashine ikajibu kwamba haioni kitu. Akabonyeza tena, na tena, hadi kidole kikauma.

Folda yenyewe haikuwahi kukaa pale. Dinah alikuwa ameiweka kipande cha nyuma ili Windows ikifa, kazi ya Hiram ipone. Pale mbele aliacha kibao tu cha kuonyesha njia.

Hiram aliirusha kibodi ukutani. Akamrudia Dinah kwa simu.

"Mbona hukunikataza?"

"Nilikuambia usiguse, Baba."

"Ungenipigia kelele! Ungenitukana!"

"Nikutukane wewe?" Dinah alisema, akaanza kulia, na hilo likamkasirisha zaidi, kwa sababu sasa hata hasira yake haikuwa na mahali pa haki pa kwenda.

Jumamosi Dinah alikuja na programu ya kufufua vilivyofutwa. Alishinda kwenye mashine tangu asubuhi hadi ng'ombe wakarudi. Zikapatikana picha chache za harusi, zimekatwa vichwa. Ramani haikufunguka. Hiram akajaribu kuichora kutoka kichwani. Mahali pa chemchemi alipakumbuka, na mti wa bluugamu pia, lakini mzee alisema mpaka upite juu ya chemchemi au chini yake? Maji yale ndiyo yaliyokuwa ugomvi wenyewe. Angeweza kubahatisha na hakuna ambaye angejua. Akaichana ile karatasi, akamtukana yule aliyewazia jambo hilo, yaani yeye mwenyewe.

Jumatatu alikuwa Bungoma, amekaa kwenye kiti chenye kitambaa kilichofumwa, nyumba mbili zikiwa zimemzunguka. Alieleza yote: virusi, sidii, kipande cha nyuma.

Mukhwana alicheka vibaya. "Ati kompyuta ilikula shamba letu tu, bana? Za wengine iliacha?"

"Za wengine zilikwisha pelekwa kwenye bodi!"

"Soroveya, si useme tu," Wabwile alidakia. "Hawa walikupatia nini?"

"Sisi?" Mukhwana aliinuka. "Si ni nyinyi ramani ilikuwa inauma?"

Hiram naye akasimama, akafoka hadi kuku wakatoka uani. Alipima Suam, alipima Kitale yote, nani amewahi kumnunua? Amtaje! Watu wale ambao hawakuwahi kukubaliana juu ya lolote walikuwa wakimtazama kwa macho ya aina moja.

Mjane mkubwa, Mama Mukhwana, alinyoosha mkono akamshika kiganja, akamketisha taratibu.

"Baba Ian, mzee alikupenda, na hapa hakuna mtu anakuchukia," alisema. "Tuambie tu ni mgani kati ya watoto wangu alikununua. Huyo tutamsamehe. Na wewe tutakusamehe."

Hiram alifungua mdomo amfokee. Lakini angemfokeaje mtu aliyekwisha kumsamehe kwa kosa ambalo hakulitenda?