Askari Namba Saba

Shangazi wa mchumba wa binti yangu hakunywa chai. Nimeandika habari za mahakamani kwa miaka mingi, na kazi hiyo imenizoesha kutazama mikono ya watu kabla ya nyuso zao, ndiyo maana niliona mapema kuliko wengine. Alikiinua kikombe hadi karibu na kidevu, akakirudisha kwenye kisahani bila kukigusa kwa mdomo. Macho yake yalikuwa ukutani, juu ya kichwa cha mama yangu, pale ilipotundikwa picha ya marehemu baba.

Katika picha hiyo baba amevaa shati la jeshi na bereti. Amesimama kando ya gogo lililolazwa barabarani, bunduki iko kifuani, na anatazama mbele bila hata dalili ya tabasamu. Picha inaishia magotini.

Sisi tuliokulia chini yake tulikuwa hatuioni tena. Kwetu ilikuwa picha ya baba akiwa kwenye sinema. Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari hapa Nateete, mtaa wa Kampala, na kila walipokuja wageni kupiga filamu, mara moja katika miaka mingi, walimchukua yeye na Wanubi wenzake wa mtaani wawe askari. Walikuwa warefu, na walikuwa na kile Kiswahili cha kambini walichorithi kwa babu zao, askari wa mkoloni. Sikuwahi kujiuliza mtu asiyejua hayo angeona nini akiingia sebuleni kwetu.

Shangazi alisimama, akaisogelea picha. Aliinamisha kichwa akatazama ukingo wa chini wa fremu, nikadhani anatafuta maandishi. Kisha akauliza kwa Kiganda, "Huyu ni nani?"

"Mume wangu," mama alijibu kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiganda chake ni cha sokoni. "Alikuwa anacheza sinema."

Shangazi aliposikia Kiswahili alirudi nyuma hatua moja.

"Wote walikuwa wanacheza sinema," alisema, akachukua mkoba wake.

Jioni binti yangu alinipigia simu kutoka kazini. Mchumba wake alikuwa amemweleza mambo ambayo mimi, mdadisi wa kulipwa, sikuwa nimeuliza. Katika miaka mibaya ya utawala wa kijeshi, shangazi alikuwa msichana akisafiri na kaka yake mkubwa. Gari lilisimamishwa kwenye kizuizi, kaka akachukuliwa, na mpaka leo hakuna anayejua alizikwa wapi. Waliomchukua walizungumza Kiswahili. Tangu siku hiyo shangazi hajakitamka, na akisemeshwa Kiswahili dukani huondoka bila kununua. Na kwao, kijana haoi bila neno la shangazi yake, yule wanayemwita ssenga. Zilibaki wiki mbili waje kujitambulisha rasmi kwetu. Sasa walikuwa wanaomba siku "isogezwe kidogo," bila kusema isogezwe hadi lini.

"Mama, wewe ndiye mwandishi," binti yangu alisema. "Itafute hiyo filamu."

Nilifungua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa kama nifanyavyo kwenye kesi. Kushoto ninayoyajua, kulia niliyoambiwa. Upande wa kulia ulijaa upesi. Kushoto niliandika "picha ipo," nikakaa na kalamu mkononi.

Baba alikuwa msimuliaji. Kuna siku alidai amecheza filamu nne, siku nyingine sita. Kuna siku alidai alitoa amri mbili tu mbele ya kamera, siku nyingine hotuba nzima. Kilichokuwa hakibadiliki ni zile amri mbili. Alisimama uani, akakunja uso, akatoa sauti ya kambini: "Shuka! Lala chini!" Nasi watoto tukajitupa kwenye mkeka, tukicheka mpaka tumbo linauma. Kwenye matanga yake nilisimulia kisa hicho mbele ya watu na watu wakacheka. Sasa nilikikumbuka na sikucheka. Nilizaliwa baada ya miaka ile. Baba alikuwa na umri gani wakati huo? Nilihesabu, nikahesabu tena. Umri wa kushika bunduki ulitosha.

Nilimuuliza mama baba alifanya kazi gani kabla ya viti.

"Alisema alikuwa anahangaika."

"Kuhangaika si kazi, mama."

"Nilimkuta ni fundi. Ya kabla yangu hayakuwa yangu. Na wewe unaniuliza kama polisi."

Nikamwomba niifungue fremu nione nyuma ya picha. Alikataa. "Imeshikana na kioo. Ukiivuta, uso utabaki kwenye kioo." Niliangalia pembeni, na kweli unyevu ulikuwa umeigandisha sehemu moja karibu na bega. Niliiacha. Nakiri kwamba nilifurahi kidogo kukatazwa.

Katika kopo la vifungo la baba nilipata kitu kimoja tu, kadi yenye tundu la pini, imeandikwa kwa wino mzito: ASKARI 7. Niliitazama siku mbili. Mtu mwenye imani angesema ni namba ya mchezaji wa sinema. Lakini mimi nilikuwa nimeshaipoteza imani hiyo, na usingizi pia. Kila asubuhi binti yangu alituma ujumbe wa neno moja, "Vipi?", na kila asubuhi nilijibu, "Bado."

Hapa kwetu filamu ya kigeni ilifika kwa watu kupitia vibanda vya video, na kwenye kibanda alikaa mtu na kipaza sauti, akitafsiri kwa Kiganda huku filamu inaendelea. Tunamwita vijei. Kama filamu ya baba iliwahi kuonyeshwa Kampala, basi kuna vijei aliyeipitisha mdomoni mwake. Niliuliza huku na huku, nikaelekezwa Wandegeya, nyuma ya maduka ya kuchapa kazi za wanafunzi, kwa mzee ambaye siku hizi anawajazia vijana filamu kwenye flashi.

Alikuwa na kofia ya sufu na kompyuta mbili. Nilimweleza kizuizi, gogo, wageni. Hakuuliza jina la filamu. Nilipoweka ile kadi mezani aliicheka hadi akakohoa.

"Askari Saba! Huyu ni mzee ya viti ya Nateete. Wewe ni mtoto yake? Nnyabo, bibi, mimi nilikuwa Maiti Tatu."

"Ulikuwa nani?"

"Maiti. Nalala barabarani toka asubuhi, jua nachoma, nzi nakuja, na mzungu nasema maiti hapana sogea. Baba yako nasimama juu yangu na bunduki, nanichekesha chini chini. Mara tatu nilicheka. Mara tatu walirudia. Nilitaka kumpiga."

Filamu alikuwa nayo. Aliitafuta taratibu mno, akaipeleka mbele, akasimamisha. Barabara ya vumbi. Gogo. Gari linasimama na baba yangu anaingia upande wa kulia, kijana kuliko nilivyowahi kumwona, anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu tu. Anafungua mdomo. Kinachosikika ni sauti ya yule mzee, ya zamani, inapaza kwa Kiganda: "Huyu anawaomba mshuke, mabibi na mabwana, na nauli hairudishwi!" Kisha kamera inageukia kwa wengine. Basi. Ningepiga chafya ningeikosa.

"Rudisha," nilisema. Alirudisha mara tano. Chini ya kelele zake kulikuwa na sauti nyingine, kama mtu anayezungumza nyuma ya ukuta.

"Umemfunika," nilisema.

"Samahani, nnyabo. Ndiyo kazi ilikuwa hiyo."

Ningepaswa kufurahi, maana filamu ilikuwepo na baba alikuwa ndani yake. Lakini nilishajua shangazi angesema nini, kwa kuwa ningesema hivyo hivyo mimi mwenyewe: mtu kuwa askari wa filamu hakumzuii kuwa amekuwa askari wa kweli kabla. Huenda ndiyo maana walimchukua. Na picha ya ukutani haikuwa ndani ya filamu. Nilimwonyesha mzee kwenye simu yangu.

Aliisogeza karibu na macho. "Miguu iko wapi?"

"Picha imeishia hapo."

"Hapana. Hii picha walitupatia sisi wote, siku ya mwisho. Yangu niko nayo, ya mtu mzima, kichwa mpaka chini. Miguu ndiyo ilikuwa kichekesho. Wageni naleta kofia, naleta shati, viatu hapana. Buti ilikuwa kidogo, wamepewa wale wa mbele. Wengine kila mtu na yake. Mimi pale chini sikuona kitu ingine, ni kandambili ya baba yako tu." Kisha, akifuta kioo cha kompyuta kwa kiganja, aliongeza jambo ambalo sikuwa nimemuuliza. "Lakini bunduki aliijua. Ndiye alitufundisha sisi wote kushika. Mzungu mwenyewe alinyamaza, akamwacha."

Niliandika vyote. Mstari huo wa mwisho niliuweka kulia.

Nyumbani sikumwomba mama ruhusa tena. Niliishusha fremu, nikakata gundi nyuma kwa kisu. Mama alisimama mlangoni. Aliponiona nimegusa kadibodi alisema, si kwa hasira, "Nimeikunja mimi."

"Kwa nini?"

"Mume wangu amevaa kama ofisa, halafu chini kandambili? Wageni waingie waone? Niliikunja, ikawa mtu."

Niliivuta polepole. Pale begani ilichanika kidogo, uso ukanusurika. Chini ya mkunjo rangi ilikuwa mbichi, kama ya jana: magoti, suruali iliyoshonwa ndefu kuliko mvaaji, na miguu ya baba yangu yenye vumbi ndani ya kandambili. Mkanda wa mguu wa kushoto ulikuwa umekatika na kushonwa kwa uzi mnene mwekundu.

"Uzi wa viti," mama alisema. "Nilimwambia anunue nyingine, akasema hizi bado zina maisha."

Kwa hiyo siku ya picha alikuwa tayari ni fundi. Hilo liliingia kushoto, na peke yake lilitosha kwa ile picha. Halikutosha kwa yule mtu.

Shangazi anakaa Bugolobi, kwenye nyumba za ghorofa. Nilikwenda na picha ndani ya bahasha. Nilizungumza Kiganda changu chote, nikachunga lisinitoke hata neno moja la kwetu. Alinipa kiti, hakunipa chai. Niliitoa picha nikaiweka mbele yake.

Hakutazama uso kabisa. Alikwenda moja kwa moja chini. Aliweka kidole kwenye ule uzi mwekundu huku jenereta ya jirani ikiwashwa, ikakataa, ikawashwa tena.

"Walitulaza," alisema. "Walituambia..." Kisha akayatamka, kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayekanyaga kigae: "Lala chini. Usiangalie." Akarudi kwenye Kiganda. "Sikuangalia. Niliona buti. Nyeusi, za kamba, na moja haikufungwa. Nyuso zao sizijui. Kwa hiyo kila uso wa askari unaweza kuwa wao. Kwenu nilitafuta miguu na hamkuniwekea."

Ningeweza kuaga hapo. Mwanangu alikuwa akingoja simu, na nilichokuja kukitafuta kilikuwa kimepatikana. Lakini kidaftari kilikuwa mkobani, na nikamfikiria binti yangu miaka kumi baadaye, ameketi na mwanamke huyu jikoni, na mzee wa Wandegeya yuko hai na mdomo wake ni ule ule.

"Ssenga," nilisema, "kuna jambo jingine. Walioigiza naye wanasema bunduki aliijua. Yeye ndiye aliyewafundisha."

Alitoa kidole kwenye picha. "Nani alimfundisha yeye?"

"Sijui. Nimeuliza, sijapata. Huenda nisipate."

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niingie. Jenereta ilishika. Nilijiambia nimeivunja harusi ya mwanangu kwa mazoea ya kazi, na nilianza kutunga namna ya kumwambia.

"Hiyo picha uliyokuja nayo ilinitosha," alisema hatimaye. "Kwa nini umeniongezea?"

"Ungekuja kusikia kwa mtu mwingine."

Aliirudisha picha ndani ya bahasha, akahakikisha haikunjiki, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Siku ile nitakuja. Msiishushe kwa ajili yangu. Lakini iwekeni yote. Nikiketi pale nataka niione miguu."

Nilimpigia binti yangu nikiwa ngazini. Alilia, nami nikakaa kwenye kidato nikimsikiliza. Swali la bunduki bado liko upande wa kulia wa daftari, peke yake sasa, na sijui nimuulize nani.

Mama alichukua habari njema kwa namna yake. Alizunguka Nateete nzima kutafuta fremu ndefu, akarudi nayo akinung'unika, akasimama juu ya kiti aitundike kwa mkono wake mwenyewe.

"Watu wazima wanakuja kutoa posa," alisema, akiipangusa kwa ukingo wa mtandio, "na mkwe wao amevaa kandambili ya kushonwa."

Akashuka, akasogea nyuma, akaitazama. Kisha akapanda tena kuinyoosha.