Vitenzi Vyenye Wenyewe

Kitabu cha kwanza cha Kiingereza nilichowahi kukishika kilinuka samaki. Sisemi kilinuka kidogo. Kilinuka hata paka wa mtaa mzima wakawa wanahudhuria masomo kwa bidii kuliko sisi wanafunzi. Mwenye kitabu, Papa Sajini, hakukiweka kabatini, kwa sababu unyevu wa mto wetu ni mlaji wa karatasi, na mchwa ni shemeji yake. Alikining'iniza juu ya kichanja cha kukaushia samaki, ndani ya mfuko wa turubai la jeshi, moshi ukikipitia mchana kutwa. Kurasa zilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Ukikifungua, njaa inakushika kabla hujasoma neno moja, na mimi hadi leo nikiona kitenzi cha Kiingereza kimepangwa katika nyakati zake, mate hunijaa kinywani. Wengine walimeza lugha hiyo kama dawa ya minyoo. Sisi watoto wa maporomoko ya Kisangani tuliila na mifupa yake.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mji ulikuwa na jina walilolibandika Wazungu, nasi tuliendelea kuuita Kisangani kana kwamba hatukusikia. Baba yangu alikuwa mvuvi, na baba yake alikuwa mvuvi, na nina hakika kabla ya mto kuwepo tayari babu yetu mmoja alikuwa amekaa pale akiusubiri. Kwetu, miti mikubwa husimikwa katika mashimo ya mwamba, katikati ya maji yanayonguruma, kisha hufungwa kwa kamba za msituni, na juu yake huning'inizwa migono, vile vikapu vya kutegea samaki vyenye mdomo mpana wa kuweza kummeza ng'ombe. Kila ukoo una nafasi yake kwenye maporomoko. Nafasi hiyo haiuzwi, haibadilishwi; hurithiwa. Ukitaka kutega pa mwenzako, unaomba, naye anakukubalia au anakukatalia. Na mtu akigusa mgono wako bila kuomba, hupigani naye pale juu, maana mtakufa nyote wawili majini. Unasimama wima juu ya mti na kupaza sauti, «Ni yangu!», ili walioko wasikie. Maneno mengine yatazungumzwa nchi kavu.

Papa Sajini hakuwa mtu wa maporomoko. Alizaliwa upande wa Isangi, kule mto unakoteremkia, na wakati wa vita alichukuliwa kuwa mbeba machela, akapelekwa mbali hadi Burma pamoja na majeshi ya Waingereza. Usajini wenyewe nadhani alijipandisha cheo njiani akirudi. Alituambia alibeba majeruhi elfu moja mgongoni. Tulipomkumbusha kwamba juzi walikuwa mia tano, alisema wengine walikuwa wanene, kwa hiyo aliwahesabu mara mbili. Ndiye aliyenifundisha kusimulia. Kutoka huko alirudi na vitu viwili: goti lisilokunjika na kile kitabu cha sarufi. Alipoulizwa kwa nini anawafundisha watoto Kiingereza katika nchi ambayo kila karatasi ilikuwa ya Kifaransa, alicheka hadi goti likamuuma. «Mundele, huyu Mzungu wa hapa, anafikiri dunia inaisha kwenye kinywa chake,» alisema. «Miye nilimwonaka kule Burma, anaomba Mwingereza sukari na vidole, Kingereza hajue!»

Tulikuwa watoto ishirini na watatu, tukikaa chini ya paa lake la majani baada ya shule, kabla ya migono ya jioni kupandishwa. Wasichana tulikuwa watatu, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Shuleni kwetu, wavulana walipofika kwenye hesabu ngumu, sisi wasichana tulipelekwa chumba kingine kushona vitambaa vya meza kwa ajili ya meza ambazo hatukuwa nazo. Kwa Papa Sajini hakukuwa na sindano. Msichana aliulizwa jana, leo na kesho, na ilimbidi ajibu. Hapo tu katika mji mzima ndipo mtu alipotaka kujua nilifanya nini jana na nitafanya nini kesho. Baba yangu alinung'unika kidogo, halafu akasema, «Bon, soma, Perpetua, sikatale. Lakini ujue samaki haikauke mu Kingereza.» Kwa hiyo nilikausha samaki kwanza, nikasoma baadaye, na mtaka cha mvunguni sharti ainame, niliinama mpaka nikapata kibiongo cha muda.

Basi, kitabu kilikuwa kimoja. Papa Sajini alikata mifuko mitupu ya saruji, akaandika kila kitenzi kwenye kipande chake pamoja na nyakati zake, akatugawia vitatu vitatu twende navyo nyumbani, tuvishike, kisha wiki ijayo tubadilishane. Hapo alikosea, maana hakuwa mtu wa kwetu. Wiki ilipokwisha hakuna aliyetoa kitu. Alishangaa sana.

«Nilisema mubadilishane!»

«Papa Sajini,» alijibu Antoni, mtoto wa jirani yetu, kwa upole kama anayemfundisha mgeni kula kwa mkono, «mutu anabadilishaka nafasi ya baba yake?»

Tulikuwa tumekwisha kuvirithi. Kila kitenzi kilikuwa na mwenyewe, kama nafasi za kwenye maporomoko, na aliyetaka kutumia cha mwenzake aliomba kwanza. Antoni, kwa bahati isiyo ya haki, alikuwa amepata kwenda. Akawa mkubwa kuliko chifu. Hakuna aliyeweza kwenda sokoni, kanisani wala chooni kwa Kiingereza bila kupitia kwake. Mimi nilipewa kula, kuanguka na kusahau. Fikiria! Msichana mwenye mdomo kama wangu, na historia yake yote kwa Kiingereza ni kwamba alikula, akaanguka, akasahau. Papa Sajini alishika kichwa. «Batoto ya maporomoko! Nilipeana verbe, mumefanya mashamba!» Lakini alituacha, kwa sababu aliona jambo la ajabu: kila mtoto alikijua kitenzi chake kama mvuvi anavyolijua jiwe lake, na aliyekuja kuomba hakuondoka mpaka amekitamka sawasawa. Mwenye mali alikuwa mkali kuliko mwalimu.

Mimi na Antoni tuligombana mapema. Nilikuwa nimetumia kwenda yake bila kuomba, siku tulipokuwa tukisimuliana Jumapili yetu, naye akasimama wima mbele ya wote. «Ni yangu! Perpe, unaenda wapi na verbe ya watu?» Nikamjibu kwamba nitakwenda kwa miguu yangu, yeye abaki na karatasi yake. «Alors utatembea bubu,» akasema. Kuanzia siku hiyo hakuniuzia wala kunikopesha, nami sikuomba. Kiburi changu wakati huo, lau kingekuwa chakula, kingelisha mji hadi Ubundu.

Siku moja mchana akaja ofisa wa serikali. Serikali tuliiita Bula Matari, na ilikuwa na soksi nyeupe ndefu hadi magotini. Huyu alikuwa amekaa Uingereza wakati wa vita, kwa hiyo Kiingereza alikijua, na Kiswahili alikuwa na kile cha kuamrisha.

«Nani alipeana ruhusa? Hii iko shule ao soko ya kasuku?»

«Iko nyumba yangu, bwana,» alijibu Papa Sajini. «Batoto banapumzika.»

«Banapumzika na verbe?»

Tulicheka, na hilo halikusaidia. Alituangalia mmoja mmoja, akawapita wavulana wakubwa, na kidole chake kikasimama juu yangu. Nilielewa mara moja kwa nini. Alikuwa amemtafuta aliye mdogo, mwenye gauni na harufu ya moshi, ili mambo yaishe haraka. «Huyu mutoto mwanamuke. Peke yake. Aniambie na Kingereza kile alifanya tangu asubui. Akiweza, nitaacha hii nyumba. Akishindwa, munafunga leo, na yeye aende kushona na wenzake.»

Nikasimama. Maporomoko yalikuwa yakinguruma nyuma ya nyumba, lakini naapa siku ile yalinyamaza kunisikiliza. Nikatoa mali yangu. Nikasema kwa Kiingereza kwamba nilikula. Akangoja. Nikasema nilianguka. Akainua nyusi. Nikasema nilisahau, na hapo akacheka kwa furaha, akamgeukia Papa Sajini. «Ndiyo! Anasahau! Anasema kweli!» Papa Sajini alikuwa akiangalia goti lake. Nikamtazama Antoni. Alikuwa amebana midomo, na macho yake yalisema: omba. Kuomba mbele ya yule Mzungu, kunyoosha mkono mbele ya soksi zile? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sikuomba. Nilichukua.

Nilichukua kwenda. Nikasema asubuhi nilikwenda mtoni. Antoni akaruka kama aliyekalia kaa la moto: «Ni yangu!» Sikumtazama. Nikachukua kuona, nikasema nilimwona baba yangu juu ya miti, mtoto wa pili akasimama: «Ni yangu!» Nikachukua kubeba, nikabeba samaki. «Ni yangu!» Nikachukua kuleta, kutoa, kukimbia, kuja. Nilivuna migono ya watu wote mchana kweupe, na kila nilipotia mkono, mwenye nafasi alisimama wima na kupaza sauti, kama desturi inavyotaka, si kwa hasira tena bali kwa fahari, maana kila mmoja alitaka Bula Matari asikie kwamba kile kitenzi kizuri ni chake. Mwishoni walikuwa wamesimama ishirini na wawili. Mimi nadai kwamba nilimalizia kwa kumwambia yule ofisa, «Wewe ulikuja baada yetu, na utaondoka kabla yetu.» Wenzangu wanasema sikusema hivyo, nilisema tu kwamba nilikuja kusoma. Mgala muue na haki umpe: huenda wao ndio wakweli. Lakini niliwaza, na kwa sauti kubwa.

Nilikuwa nimeshinda. Yeye mwenyewe alikiri. «Amesema,» akamwambia Papa Sajini, «na amesema vizuri.» Kisha akawatazama watoto waliosimama na ngumi zao juu, akitafuta neno, akalipata. «Lakini hii iko fujo.» Akafunga darasa. Kabla ya jua kushuka, madawati yetu ya magogo yalikuwa yamebebwa, na askari aliwekwa kwa wiki nzima aangalie paa la majani lisijifunze kitu. Papa Sajini alisema alipita Burma yote akiwa hai, leo ameshindwa na soksi. Hakufanya mzaha mwingine siku ile. Jumatatu nilirudishwa kwenye vitambaa vya meza, nikashona ua moja jekundu lililofanana na kidonda.

Jumanne nilikuwa kwenye kichanja nikigeuza samaki, Antoni akaja. Alikuwa na kipande cha kwanga, ule mkate wetu wa muhogo, kwenye jani, akakishika mbele yake kama mtu aliyekuja kuposa.

«Perpe, nimekuja kuomba.»

«Unaomba nini, weye tajiri?»

«Kula.»

«Na kwenda yako niliyoiba?»

«Iko kwako, si ndiyo? Donc, iseme nisikie kama unaiharibu.»

Nikaisema. Akanisahihisha mara tatu. Kisha nikamfundisha kula, tukala ile kwanga, na kesho yake nikaenda nyumba ya tatu kuomba kuona. Hapo ndipo Bula Matari alipoumia bila kujua. Alifunga nyumba, lakini darasa halikuwa mle ndani. Lilikuwa limetawanyika katika familia ishirini na tatu, chini ya mikeka, na kwenye mapaa ya moshi. Kwa misimu miwili ya kiangazi tulizunguka hivyo. Yule askari, katika wiki yake, aliona watoto wakitembeleana wakiwa na kwanga na samaki, akasema watoto wa siku hizi wana adabu. Papa Sajini naye alipita kama anayetafuta dawa ya goti, akisikiliza, akikohoa mara moja tukikosea na mara mbili tukikosea sana. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Sisi tulikataa kabisa, na tulikataa kwa wakati uliopita, uliopo na ujao.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mama wa watoto wanne na muuzaji wa vitambaa sokoni, nilijiandikisha shule ya jioni. Kulikuwa na fomu, na kwenye fomu kulikuwa na mstari mmoja wa jina la mwalimu wako wa Kiingereza. Nikaandika Papa Sajini, nikaandika Antoni, nikaendelea mpaka nikajaza pembeni na nyuma. Karani akasema mstari ni mmoja. Nikamwambia hilo ni kosa la mstari. Nilihitimu pale nikiwa wa kwanza, au wa pili, kutegemea nani anasimulia.

Leo Kiingereza kimejaa Kisangani kama mbu. Kinaimba kwenye maduka, kinasoma habari mfukoni mwa wajukuu zangu, na wasichana wanakisomea hadi chuo kikuu bila kupita kwenye sindano. Nafurahi, na mtu asinisikie nikilia kwamba zamani palikuwa pazuri. Zamani palikuwa na soksi nyeupe. Lakini mtaani kwetu wapo watoto ambao shule imewafukuza kwa kukosa sare au kwa kukosa mzazi, nao hushinda wakirusha mawe mtoni. Mwezi uliopita nilikwenda ofisi moja kuomba niwafundishe nyumbani kwangu. Kijana aliyeko pale, ambaye ningeweza kuwa nyanya wa baba yake, aliniambia lazima kwanza ije tume ya ukaguzi, kisha muhuri, kisha nisubiri. «Mama mukubwa, rudi nyumbani upumuzike,» akasema, kwa heshima kabisa. Nilirudi. Nimetandika mikeka, nimekata mifuko ya saruji, na jana wamekuja watoto kumi na wanne, wasichana wakiwa tisa. Tumekwisha kuanza. Muhuri ukija, utatukuta tunasoma.