Mnyonyesha Mioyo

Jina hilo alipewa na bawabu, Si Maati, ambaye asubuhi moja aliingia maabara kuomba kiberiti, akamkuta Lalla Yamna ameinamia kikombe cha kioo. Ndani ya kikombe ulining'inia moyo wa chura, mdogo kama kokwa ya zeituni, peke yake, bila chura. Ulikuwa ukipiga. Yamna aliudondoshea maji ya chumvi, tone baada ya tone, huku akiunong'oneza: "Kunywa, mwanangu. Kunywa." Si Maati aliondoka bila kiberiti. Kufikia adhuhuri, soko zima la samaki la mji wa El Jadida lilikuwa limepata habari kwamba kuna mjane huko nyuma ya bandari anayenyonyesha mioyo.

Yamna hakukasirika. Mioyo iliyotunzwa na wanafunzi ilikufa kabla chai haijapoa, ilhali yake iliishi mpaka alasiri. Kazi aliijua kwa utaratibu wake wote. Alikausha mimea na mwani, akasaga, akachekecha, akaloweka na kuchuja. Kisha aliufunga moyo kwa uzi kwenye kijiti chembamba, na ncha ya kijiti iligusa pipa dogo lililovikwa karatasi yenye masizi. Pipa lilipozunguka, kila pigo la moyo lilichora jino jeupe juu ya weusi. Daktari Sebti, mkuu wa maabara, alitia mchujo wa mmea aliotaka kuuchunguza, kisha akayasoma meno hayo kama mtu asomaye barua.

"Vipi, Lalla Yamna," Si Maati alizoea kumwuliza kila asubuhi langoni, "watoto wamenyonya?"

"Wamenyonya. Nawe ukizidi kuuliza nitakuning'iniza pamoja nao."

"Wangu haukufai. Mke wangu aliumaliza zamani."

Ndivyo walivyoishi, kwa mzaha na kazi, mpaka Daktari Sebti alipoanza kuleta mwani wa Kisima.

Kisima ni ghuba nyembamba kusini ya mji, ambamo jua haliingii ila kwa muda mfupi, na maji yake huvuta kwenda chini. Wanawake waokotao mwani mwekundu hawashuki pale. Bouchaib, mdogo wake Yamna, alikuwa mzamiaji wa mwani. Aliingia Kisima siku ya ukungu, na bahari haikumrudisha, wala yeye wala kamba yake. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita. Daktari, ambaye ni mtu wa Fes na hakulelewa na bahari, alishuka mwenyewe wakati wa maji kupwa, akarudi na magunia yake akiwa na furaha.

Yamna aliyapokea magunia. Lakini yatokayo Kisima hayaji peke yake, na yeye hakuwa mtu wa kulaza kitu cha namna hiyo ndani ya nyumba bila kinga. Alichukua mbegu za harmali na kipande cha shabu, vile vitu ambavyo kila mama wa pwani ile humfungia mtoto mchanga mkononi, akavikunja katika shashi ya hospitali iliyokuwa mezani, akafunga kifundo kwa uzi mwekundu. Kila gunia la Kisima alilitia kifundo kimoja, chini kabisa, ambako daktari asingekiona na kucheka. Siku ya kusaga alikitoa kwanza, kisha akasaga.

Hapo ndipo mioyo ilipobadilika.

Mwani wa ghuba nyingine haukuwa na athari yoyote. Mwani wa Kisima uliipunguza mioyo mwendo, ukaipunguza tena, mpaka kwenye karatasi yakaonekana meno mawili, kisha weusi mtupu, kisha mawili tena. Yamna alipoiona karatasi ya kwanza aliyafuata meno yale kwa kidole. Bouchaib alikuwa akibisha hodi namna hiyo. Mara mbili, kisha husubiri.

Tangu siku hiyo alifika kazini mapema, wakati ukungu ungali umeyafunika madirisha na baharini kukisikika honi tu. Aliutia moyo mchujo wa mwani wa Kisima, akaketi mbele yake. Ulipopiga mara mbili na kunyamaza, alisema kwa sauti ndogo, "Ingia." Asubuhi moja aliuliza, "Una baridi?" Moyo ukakaa kimya. Alihesabu mpaka tisa. Kisha ukapiga mara mbili.

Daktari naye alikuwa na furaha yake.

"Mama Yamna, humu mna dawa. Wako watu mioyo yao hukimbia kama farasi aliyeona moto. Fikiria tukiitumia hii kuituliza."

"Utampa nani kwanza?"

"Nitampaje mtu kitu nisichokionja? Alhamisi nitakunywa mwenyewe. Glasi moja, iliyokolea. Yamebaki magunia sita; tutasaga yote."

"Inshallah," alijibu Yamna. Akajiona kama dada ambaye nduguye amepata kazi ya heshima.

Jumanne alikuwa akichekecha unga wa gunia lililosagwa karibuni, kabla ya yale sita kuguswa. Katika chekeche zilibaki punje chache za kahawia, zenye kona kona, zilizoponea mashineni. Alitwaa moja akaitafuna. Uchungu ulimpanda mpaka masikioni. Ilikuwa harmali.

Alikifuata kifundo alichokitoa katika gunia lile, akakipima kiganjani. Kilikuwa chepesi. Nyumbani wanawake hutumia kitambaa kizito. Shashi ina matundu, na mbegu zilikuwa zimevuja ndani ya mwani, gunia baada ya gunia, zikasagwa pamoja nao. Kisha akafanya kama alivyomwona daktari akifanya mara mia: alichukua mwani wa ghuba nyingine, usio na athari, akaongeza punje kumi za harmali, akaloweka, akachuja, akautilia moyo mpya.

Meno mawili. Weusi. Meno mawili.

Hakumwambia mtu. Jumatano Si Maati alipouliza kuhusu watoto alipita kama asiyesikia. Alijua harmali inavyowafanya wanaozidisha: huona watu wasiokuwapo, na wengine moyo huwasahau. Alijua pia kwamba akifungua mdomo, hodi ile haitabishwa tena.

Alhamisi asubuhi daktari aliingia ameshika glasi yenye maji ya rangi ya damu iliyolala.

"Bismillah," alisema kwa kutabasamu. "Mama Yamna, shika saa unihesabie mapigo."

Yamna aliifunika glasi kwa kiganja chake.

"Usinywe, mwanangu. Si mwani. Ni harmali. Mimi ndiye niliyetia."

"Umetia nini?"

Akamweleza yote isipokuwa hodi. Daktari alicheka, kisha kicheko kikamkauka.

"Miaka miwili ya kazi! Mwanamke unayeosha glasi mara tatu kwa spiriti, unanitilia uganga kwenye gunia?"

"Nilikukinga."

"Na nani?"

"Ungekuwa mtoto wa hapa usingeuliza."

Daktari alimtazama kwa hasira, kisha kwa aibu kidogo, maana glasi ilikuwa bado mkononi mwake. Aliimwaga kwenye sinki. Walifungua gunia moja kati ya yale sita, wakatoa kifundo chake, wakauosha mwani jani kwa jani, wakausaga na kuutia kikombeni. Moyo ulikwenda sawasawa, meno kama ya kitana, bila pengo. Yamna aliutazama mpaka karatasi ikaisha. Hapakuwa na mtu.

"Tutoe na vilivyobaki," alisema daktari kwa sauti iliyochoka. "Ulifunga vingapi?"

"Magunia sita, vifundo sita. Kimoja tumeshakitoa."

Walimwaga magunia matano sakafuni. Daktari alivipanga vifundo mezani pamoja na kile cha kwanza, akahesabu, akarudia.

"Viko saba."

"Sita."

"Hesabu mwenyewe, Mama. Umesahau kimoja, basi."

Sita vilikuwa vya shashi na uzi mwekundu. Cha saba kilikuwa cha kitambaa kizito, kimefungwa kwa ugwe wa katani, kwa fundo ambalo wazamiaji hufungia nyavu zao za mwani, lile ambalo mwanamke hafundishwi. Mwani ule ulikuwa umekauka wiki tatu juani. Kitambaa kilikuwa kimelowa, na baridi.

"Ni changu," alisema Yamna. "Nilisahau."

Daktari aliitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kuandika barua ya kufuta alichokuwa amewatangazia wenzake. Yamna hakukifungua kile kifundo. Alikitia mfukoni mwa aproni, akahisi maji yakipenya hadi pajani. Kisha akachukua ufagio wa ukindu, akaanza na pembe ya dirisha. Aliufagia mwani kutoka chini ya meza, kutoka nyuma ya mashine, kutoka kwenye nyufa za vigae. Akaukusanya kwenye ndoo na kupitisha kitambaa cha maji sakafu nzima, mpaka mlangoni.