Laptopu Nyeusi ya Bi. Zuhura

Siku ya kwanza kazini nilifika kabla mlango haujafunguliwa, kwa hofu ya kuchelewa. Ilikuwa ofisi ya ushirika wa wakulima wa korosho, Malindi. Karani, Bi. Zuhura, alipofika nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe fundi? Basi kanawe mikono kabla hujagusa kitu."

Laptopu yake ilikuwa nyeusi, nzito kama tofali. Kila jioni aliifunga kwa kanga na kuiweka kabatini, ambamo balbu ndogo iliachwa ikiwaka kufukuza unyevu. Hewa ya pwani ina chumvi, nayo hula shaba ya bodi, lile bamba la ndani linalobeba mitambo yote. Mashine ile ilifunguka kwa bisibisi ya kawaida, na spea zake zilipatikana papo hapo mjini. Macho ya Bi. Zuhura yalikuwa yamepungua nguvu, lakini vidole vyake vilijua kila kitufe kilipo.

Mimi nilijifundisha ufundi peke yangu, mtaani Kisumu Ndogo, kwa laptopu kuukuu ya chapa nyingine. Chapa hiyo nikaipenda hadi nikabandika nembo yake kwenye begi. Mtu akiisema vibaya, nilikosa raha siku nzima. Kwa hiyo Meneja aliponiambia nichague kompyuta mpya za ofisi, mimi nilikuwa nimekwisha chagua.

"Nitafutie kama hii yangu," Bi. Zuhura akasema. "Nimebakisha miaka michache. Niache nimalize na ninachokijua."

Nikamweleza wepesi wa zile za chapa yangu, mng'aro wake, uzuri wake. Meneja akacheka. "Fundi, wanunua kompyuta au waposa?"

Zikanunuliwa. Balbu ya kabatini nikaitoa, maana waya wake uliopinda uliniudhi. Ile nyeusi nikaifungua, nikawagawia mafundi wenzangu vipande vyake.

Vitufe vya mashine mpya vilikuwa bapa, havina kingo, na vidole vya Bi. Zuhura vikapotea. Mkulima mmoja mzee kutoka kijiji cha Adu alikaa kwenye benchi tangu asubuhi akingoja barua moja.

"Bi. Zuhura, ungaliiandika kwa mkono, saa hizi ningalikuwa kwangu nala."

Watu wakacheka. Bi. Zuhura hakucheka. Aliniomba nimrudishie mashine yake, nikamwambia haipo tena. Hakupita muda akaomba kustaafu mapema.

Mvua zilipokuja, mashine zangu zikaanza kufa moja moja kwa unyevu. Hazikufunguka bila vifaa maalumu. Zikapelekwa Nairobi, nyingine zisirudi. Meneja hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi.

Kazi ile nimeiacha, ningali kijana. Nyinyi mnaojifunza ufundi huu peke yenu, jueni kwamba sikumdanganya mtu. Chapa ile niliiamini kweli. Ila sikuwahi hata mara moja kukaa kando ya Bi. Zuhura nikaitazama mikono yake ikifanya kazi.

Juzi nilipata laptopu nyeusi kama ile ya Bi. Zuhura kwenye duka la mitumba. Nikaisafisha hadi pembe za vitufe, nikampelekea nyumbani. Alinawa mikono, akaiweka mapajani, vidole vikakimbia bila kukosea.

"Ahsante, mwanangu. Ni yenyewe hasa."

Kisha akaifunga taratibu.

"Sasa nimwandikie nani?"