Mbwa Aliyehalalisha Mbio Zangu

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza nilirudi Newala kufundisha, nikiwa na shahada ya chuo kikuu pamoja na tabia niliyoipata hukohuko: kukimbia masafa marefu bila kufukuzwa na mtu. Kwetu, mtu mzima hukimbia anapopeleka habari za msiba. Asubuhi ya kwanza nilipopita kijiji cha Mkunya, wanawake waliacha majembe katika mihogo, wakajifunga kanga viunoni, wakanifuata wakilia.

Jirani yangu, aliyekuwa miongoni mwao, alinijia jioni.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Mwalimu, nani amekufa?”

“Hakuna. Nilikuwa nafanya mazoezi.”

“Mazoezi ya kufa? Tafuta sababu ya kukimbia, au uache. Hatuwezi kulia bure kila siku.”

Kuacha sikuweza, ile ndiyo saa pekee niliyojihisi mzima. Nikaazima mbwa wa jirani huyo, kwani mwanamume anayekimbia nyuma ya mbwa ni mwindaji, na mwindaji haulizwi kitu. Watu wakarudi kwenye majembe yao.

Kwa bahati mbaya, mbwa naye aliamini kwamba tunawinda. Baada ya kurudi mikono mitupu mara nyingi, alijilaza chini ya mkorosho akakataa kuinuka.

“Amechoka kudanganywa,” alisema jirani, akicheka.

Tangu hapo, kila alfajiri, mimi msomi nilitangulia kuficha kipande cha nyama kavu kichakani, ili mbwa apate sababu ya kukimbia, nami niipate kwake.