Kipande cha Atieno

Enzi zetu kule Roret, mtoto aliyethubutu kusema hana la kufanya alipewa kikapu na kuonyeshwa shamba la chai. Ndiyo maana hatukusema. Tulijitafutia la kufanya kabla hatujatafutiwa. Magari tulitengeneza kwa waya, mipira tukaifunga kwa nailoni na kamba, na mvua ya alasiri ilipotufukuza uwanjani tulikimbilia jikoni kuchoma viazi kwenye majivu, tukala na maganda yake huku vidole vikiungua. Wanangu nikiwasimulia hivi hunitazama kwa huruma, kisha huniuliza kwa nini intaneti ya nyumba hii iko polepole.

Lakini wasidhani kompyuta wamezivumbua wao. Sisi tulizijua mwishoni mwa miaka ya tisini, tukiwa darasa la saba. Wahisani wa kanisa walituletea moja, nzito kama jiwe la kusagia, pamoja na ndoo ya matofali ya plastiki ya kuchezea, yale madogo yenye vinundu juu ambayo hushikana ukiyabana. Shule yetu ilipakana na kiwanda cha chai, kwa hiyo umeme tulikuwa nao. Mwalimu Rono, aliyetufundisha hesabu, aliifunika kompyuta hiyo kwa kitambaa cha kufumwa cha mkewe, na kabla ya kuigusa ilibidi tunawe mikono kama watu wanaokwenda mezani.

Mwalimu alikuwa na ndugu aliyefanya kazi katika ofisi moja mjini Kericho, ofisi yenye barua pepe. Huyo ndugu ndiye aliyemweleza kwamba duniani kuna watu wanaochora matofali kama yetu ndani ya kompyuta, moja baada ya jingine, na kuyaweka katika maktaba ya wote. Ukitaka kujenga nyumba kwenye skrini, unachukua vipande humo bila kuulizwa wewe ni nani. Aliyechora halipwi. Na hakuna kipande kinachoingia kabla wenzake hawajakikagua. Nilishangaa sana, na hadi leo nashangaa: mtu ambaye hatakuona maishani mwake anakaa chini, anapima tofali dogo kuliko ukucha, analiandika namba kwa namba, ili mtoto wa Roret acheze.

Katika ndoo yetu kulikuwa na kipande kimoja cha kijivu, cha kona ya paa, ambacho hakikuwamo katika ile maktaba, ambayo ndugu yake mwalimu alikuwa ametunakilia kwenye disketi. Mwalimu alikiinua darasani. “Hii haiko. Nani atatuchorea?”

Mkono uliopanda ulikuwa wa Atieno, rafiki yangu niliyeketi naye dawati moja. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Wao walikuwa watu wa kutoka ziwani, na waliishi katika nyumba za kampuni. Kila baada ya muda familia za huko zilihamishwa, na watoto wengine shuleni walipenda kumkumbusha kwamba wao ni wa kupita tu. Siku hiyo tukielekea nyumbani, harufu ya majani yanayokaushwa ikitufuata njia nzima, nilimuuliza kwa nini amejitwika kazi ngumu hivyo.

“Mimi nataka kitu moja tu ikae,” akaniambia. “Hata tukihamishwa, hiyo ikae.”

Akaianza. Wakati wa chakula cha mchana, wengine tukigombania ukoko wa githeri ya mahindi na maharagwe, yeye alikuwa ofisini kwa mwalimu akipima kwa kifaa cha chuma ambacho baba yake alimwazimia karakanani. Alipima urefu, upana, mteremko wa paa, kila kinundu, kisha akaandika namba hizo kwenye kompyuta kwa kidole kimoja. Sijawahi kuona mtoto mwenye subira kama ile. Mwisho wa mwezi, mwalimu alipokwenda Kericho kuchukua mshahara, disketi yenye kipande cha Atieno ilisafiri ndani ya mfuko wa koti lake.

Jibu lilirudi na huzuni. Mwalimu alitusomea: mkaguzi mmoja, mzee wa nchi za mbali, alisifu uangalifu wa kazi, lakini akasema kipande hakiketi juu ya vingine, kinaacha mwanya upande mmoja. Mwishoni aliuliza kwa upole kama kipande chetu kimewahi kupata moto.

Mimi na Atieno tulitazamana. Tulimkumbuka mama yangu.

Kabla ya kazi hiyo kuanza, mwalimu alikuwa ametukabidhi mimi na Atieno ile ndoo twende nayo kwetu tuoshe vumbi, ili watoto wa nasari nao wachezee. Mama alikuwa mtu wa ng'ombe na maziwa. Kwake, usafi maana yake ni maji yanayotokota, na kopo la maziwa ambalo halijapita humo halikuingia nyumbani mwake. Mimi alinisemesha Kikipsigis, lakini kwa ajili ya mgeni wetu Atieno alitumia Kiswahili: “Kitu inaingia mdomo ya mtoto ni lazima ichemke!” Basi matofali yote yakaingia sufuriani pamoja na vifuniko vya makopo. Yalipong'ara tulimshukuru. Sasa mwalimu alikiweka kile kipande cha kijivu juu ya meza yake, akakigusa, nacho kikayumba kama kigoda chenye mguu mfupi. Atieno alikuwa amekipima sawasawa, ila alikuwa amepima kitu kilichopinda.

Wiki hiyohiyo baba yake akapata habari ya uhamisho. Wangeondoka shule zikifungwa. Ilibaki safari moja tu ya mwalimu kwenda Kericho, na Atieno alilia njia nzima bila kujificha. Mama alipoelezwa alishika kiuno. “Sasa hao watu itasema nini? Waambie ni mama ya Chelangat alichemsha.” Chelangat ndiye mimi. Akamkalisha Atieno karibu na moto, akammiminia mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, akasimama pale mpaka kikombe kikaisha.

Asubuhi Atieno aliingia ofisini na kuomba kuona namba za matofali yaliyokwisha kuingia maktaba. Aliyatazama muda mrefu. Kila tofali, awe amelichora nani na wa nchi gani, lilikuwa na nafasi ileile kati ya kinundu na kinundu, na kimo kilekile. “Mwalimu,” akasema, “hii yetu haikutengenezwa peke yake. Ilitengenezwa ishikane na hizi.” Akakiacha kile kipande kilichopinda. Pale kipande kinapogusana na vingine, akatumia vipimo vya wale wachoraji asiowajua. Mteremko wa paa akaufanya ukutane na ule wa kipande jirani kilichokuwamo tayari. Alipokishusha kwenye skrini, kiliketi kimya mahali pake. Mwalimu Rono alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Disketi ilisafiri tena, na jibu la pili ndugu yake mwalimu alituletea mwenyewe, pamoja na disketi mpya, wiki ya kufunga shule. Kipande kimekubaliwa. Mwalimu alitufungulia tuone kilivyoandikwa: kwanza jina la kipande, chini yake jina la aliyekichora na anakotoka. Sehemu hiyo Atieno alikuwa ameijaza mwenyewe. Alikuwa ameandika Atieno, Roret.

“Si nyinyi ni watu wa ziwa?” mwalimu akauliza.

“Ndiyo, mwalimu. Lakini hii nimechora nikiwa hapa.”

Jioni nilimweleza mama. Alimaliza kukamua, kisha akasema, “Ambia mama yake wasiende bila kupita hapa.” Walipita. Lori likangoja barabarani huku mama akimfungashia mama Atieno kuku na kibuyu cha maziwa, na hatukuonana tena.

Leo kila kitu kinapatikana kwa kubonyeza, na vijana wetu hubonyeza wakidhani vitu hujiotea vyenyewe. Hawana ubaya, ila hawaulizi ni mkono wa nani. Nami nasikitika kidogo, kwa sababu sisi kila tulichokishika tulijua kimetoka kwa nani, na tulimwamkia njiani. Juzi mwanangu alijenga nyumba kwenye kompyuta yake, na kwenye kona ya paa nikaona kile kipande. Nikamwambia afungue asome kilivyoandikwa. Alifungua kwa uvivu, akasoma, akageuka ghafla.

“Mama, kuna mtu wa Roret hapa!”

“Yuko,” nikamwambia. “Amekaa hapo tangu kabla hujazaliwa, na hakuna wa kumhamisha.”